Tanuri la Lee Pro 4-20 na kalibu ya gololi: je, vinamfaa mwenye gobore?

Mtu anayepiga shabaha kwa gobore hapa Pennsylvania hakawii kukutana na swali la gololi. Maduka ya silaha yamejaa risasi za kisasa zilizovishwa shaba, lakini gololi ya madini laini ya risasi yenye kipenyo cha inchi 0.490, ambayo ndiyo inayoingia katika mtutu wa inchi 0.50 pamoja na kitambaa kinachoizunguka, si kila duka huiweka, na ikipatikana huuzwa kwa boksi la gololi 100 kwa bei inayopanda kila msimu. Jimbo hili lina msimu wa kuwinda kulungu baada ya Krismasi ambao huruhusu magobore ya gumegume, yaani yanayowashwa kwa cheche za jiwe, peke yake, kwa hiyo wenye haja ya gololi ni wengi, na wengi wao huishia kuyeyusha madini na kuzisubu wenyewe nyumbani.

Vifaa ninavyovitathmini hapa ni viwili: tanuri la umeme linaloitwa Pro 4-20 na kalibu ya alumini yenye matundu mawili ya kumiminia madini yawe gololi, vyote vya kampuni ya Lee Precision ya Hartford, Wisconsin. Kwa ufupi, kwa mwenye gobore anayehitaji gololi mia kadhaa kwa mwaka, vifaa hivi vinatosha kabisa na hakuna sababu ya kulipa zaidi, ila kwa masharti mawili: anunue kipimajoto, na asiingize madini machafu ndani ya tanuri hata kidogo. Asiyekuwa tayari kuyatimiza anunue boksi lake dukani.

Tanuri lenyewe ni sufuria ya chuma iliyozungushiwa kipashajoto na kufunikwa kwa bati, likisimama juu ya mguu wenye kitako kipana. Linabeba takriban ratili 20 za risasi, yaani kilo 9, na linatumia wati 700. Kampuni hudai kwamba madini huyeyuka kwa muda usiofika dakika 20, na dai hilo si la kutia chumvi, mradi gereji haijaganda kwa baridi ya Januari. Madini hayachotwi kwa upawa, bali hutoka chini kupitia kijitundu kinachozibwa na fimbo ya chuma. Ukiinua mpini fimbo inapanda na uzi wa madini unashuka moja kwa moja ndani ya kalibu. Kati ya kijitundu na rafu ya chini kuna nafasi ya inchi 4, ambayo inaingiza kalibu za kampuni zote zinazojulikana.

Faida ya kutolea chini si uvivu wa kuepuka upawa. Risasi iliyoyeyuka hufanya utando wa kijivu juu yake kila inapokutana na hewa, na anayechota kwa upawa hana budi kuusukuma utando huo pembeni kila mara. Akizembea, kipande chake kinaingia ndani ya gololi na kuacha kovu. Madini yanayotoka chini ya sufuria yametulia na hayana utando. Wapo wakongwe wanaoapa kwamba gololi nzuri haitoki popote ila kwenye upawa, na siwabishii, kwa sababu mkono uliozoea upawa hufanya kazi safi sana. Lakini kwa anayeanza, uzi wa madini unaoshuka mahali pamoja kwa kasi ileile humwondolea mambo mengi ya kukosea.

Mfumo huo una gharama yake, na haihusu kampuni moja tu. Tanuri lolote linalotolea chini kwa fimbo na kijitundu litadondoka siku moja, kwa kuwa punje moja ya mchanga au chembe ya kutu ikikaa kati ya fimbo na kiti chake, kijitundu hakizibi tena. Juu ya fimbo ya Lee kuna mfuo wa bisibisi: unaichomeka, unaizungusha fimbo kushoto na kulia huku ukiigandamiza, na mara nyingi uchafu unasagika na matone yanakoma. Kinga iliyo bora zaidi ni kutosafisha madini machafu ndani ya tanuri hili. Kazi hiyo ifanyiwe nje, katika sufuria kuukuu juu ya jiko la gesi, halafu mikuo iliyo safi, yaani vipande vya madini yaliyogandishwa, ndiyo iingie kwenye tanuri. Chini ya kijitundu weka kikebe kikavu cha chuma wakati wote, hata siku ambayo hakuna kinachodondoka.

Sasa nije kwenye kitufe cha joto, ambacho ndicho kinachowapoteza wanunuzi wengi. Kina namba kuanzia 1 hadi 9, na namba hizo si nyuzi za joto, wala hazina uhusiano wa kudumu na nyuzi zozote. Kidhibiti hakigusi madini. Huwasha na kuzima umeme kulingana na joto la mahali kilipofungwa. Matokeo yake ni kwamba namba 6 kwa sufuria iliyojaa huwa na maana moja, na namba 6 ileile sufuria ikibaki na robo huwa na maana nyingine, kwa sababu umeme uleule sasa unapasha madini machache. Asiye na kipimajoto anaanza asubuhi akisubu vizuri, na kabla ya mchana anashangaa kwa nini kishina, yaani kibonge cha madini kinachobaki juu ya kalibu, kinakataa kuganda.

Kipimajoto cha mshale chenye mkia mrefu wa kuzamisha ndani ya madini kinamaliza tatizo hilo kwa bei ndogo. Wanaopenda mambo ya umeme huunganisha kidhibiti cha kielektroniki chenye kihisi kinachozama ndani ya risasi yenyewe, na tanuri likatulia kwa tofauti ya nyuzi chache tu, lakini kwa gololi za gobore hayo ni madoido. Risasi safi huyeyuka katika nyuzi 327 za Selsiasi. Kwa kalibu ya alumini mimi hupenda madini yawe kati ya nyuzi 400 na 430, kwa maana risasi safi ni nzito kujaa pembe za tundu ikiwa ya vuguvugu, tofauti na ile iliyochanganywa na stani ambayo hutiririka kwa urahisi.

Kalibu ndiyo iliyonifanya niandike. Inakuja na mipini yake ya mbao tayari, jambo ambalo kampuni nyingine hulitoza peke yake, na bei yake ni sehemu tu ya bei ya kalibu ya chuma. Ikitoka kwenye boksi ina mafuta ya kiwandani, na mafuta hayo lazima yaondolewe kwa maji ya moto na sabuni, kisha kalibu ikaushwe kabisa. Tundu lenye mafuta hutoa gololi zenye makunyanzi hata madini yawe moto kiasi gani. Baada ya hapo nafukiza matundu kwa masizi ya kiberiti, tabaka jembamba tu, kama maelekezo ya kampuni yanavyosema. Masizi husaidia gololi kuachia na hewa kutoka. Ekseli ya sahani ya kukatia (bamba la chuma juu ya kalibu ambalo madini hupitia na ambalo hukata kishina) na vijiti vya kuongozea nusu mbili za kalibu hupakwa nta ya nyuki kidogo sana wakati kalibu ina joto, kwa sababu alumini ni laini, na sahani ya chuma ikisuguana nayo bila kilainisho huikwaruza mpaka ikaacha mwanya.

Kisha kuna joto la kalibu, ambalo hakuna kipimajoto kinacholipima kwa urahisi; jicho ndilo linalopima. Unainua mpini wa tanuri, tundu la kwanza linajaa, unaacha madini yaendelee kidogo mpaka kibonge cha ukubwa wa punje ya mahindi kinabaki juu ya sahani, unasogea tundu la pili na kufanya vilevile. Kibonge hicho ndicho kishina. Mwanzoni kinang'aa na kutikisika. Baada ya sekunde chache kinatulia, katikati yake panabonyea kidogo kwa kuwa gololi iliyo chini inajikunja inapopoa na kuyavuta madini ya juu, halafu mng'aro unafifia ghafla kuanzia kingoni kuelekea katikati. Hapo hesabu sekunde mbili au tatu ndipo usukume sahani ikate. Ukikata mapema, madini yanapakaa chini ya sahani na gololi inang'oka kipande badala ya kukatika. Ukichelewa mno, unalazimika kugonga kwa nguvu, na nguvu hizo zinaishia kwenye bawaba.

Ule mbonyeo wa katikati hauna budi kueleweka. Madini yanayopoa hupungua ujazo, na kama kishina ni kidogo hakina cha kuongezea, gololi itabaki na shimo ndani yake ambalo halionekani kwa nje. Gololi yenye shimo lisilo katikati hupepesuka hewani kama gurudumu ambalo ekseli yake haiko katikati. Ndiyo maana mzani mdogo ni kifaa cha tatu cha lazima. Gololi ya inchi 0.490 ya risasi safi ina uzito wa greni 177 hivi, yaani gramu 11.5, na yoyote inayopungua kwa zaidi ya greni moja na nusu chini ya wenzake hurudi kwenye sufuria bila mjadala. Kalibu hii, ikishapata joto, hutoa gololi ambazo nyingi mno huangukia ndani ya greni moja, na kipimo cha vanieri hakioni tofauti ya maana kati ya tundu la kwanza na la pili. Kwa bei hiyo sikutegemea.

Alumini hupata joto upesi na kulipoteza upesi, na hapo ndipo inapotofautiana sana na kalibu za chuma kama zile za Lyman, kampuni iliyoanza mwaka 1878. Chuma kinachukua muda kupata moto lakini kikishapata hakiyumbi, na ukikitunza dhidi ya kutu kitarithiwa na wajukuu. Alumini inadai mwendo usiokatika: ukisimama kupokea simu, gololi mbili au tatu zinazofuata zitakuwa na makunyanzi. Si kasoro, ni tabia ya madini yenyewe, na anayeijua anapanga kazi yake ipasavyo. Haishiki kutu, ambalo katika gereji yenye unyevu si jambo dogo.

Nimeambiwa na wenzangu kwamba kalibu yenye matundu sita ingenipunguzia muda. Kwa gololi za gobore sioni haja. Ratili moja ya risasi hutoa gololi 39, asubuhi moja ya kazi isiyo na haraka hutosha kwa msimu mzima, na kalibu ya matundu sita ni nzito kwa mkono na mipini yake huuzwa kando.

Kuhusu madini, gobore linataka risasi safi, yenye ugumu wa takriban 5 kwa kipimo cha Brinell, kwa sababu gololi hushindiliwa ndani ya mtutu kwa mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, ikiwa imefungwa kwa kitambaa cha pamba chenye mafuta, na nyuzi za kitambaa lazima ziweze kuuma uso wake. Risasi za kubalansi magurudumu, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa hazina ya wasubuji wa risasi za bastola, zina antimoni na ni ngumu mno kwa kazi hii. Isitoshe, siku hizi nyingi ni za zinki au chuma, na zinki ikiyeyuka ndani ya risasi huharibu sufuria nzima. Zinki huyeyuka katika nyuzi 419, kwa hiyo anayeyeyusha vyuma chakavu akibaki chini ya nyuzi 370 ataziona zikielea na kuzitoa kwa koleo. California ilipiga marufuku risasi za magurudumu tangu mwaka 2010, na majimbo mengine yakafuata.

Kiwanda cha mwisho cha kuchenjua risasi kutoka kwenye mawe ya madini hapa Marekani, kile cha Herculaneum, Missouri, kilifungwa mwishoni mwa 2013, na tangu hapo risasi ya ndani ni ya kurejelezwa. Vyanzo vizuri ni mabati ya risasi ya paa za zamani na shuka za risasi zilizotolewa kwenye kuta za vyumba vya eksirei. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniletea mikuo aliyoiita safi ambayo ukucha haukuweza kuikwaruza na ambayo ilitoa mlio ilipoangushwa sakafuni. Risasi safi hukwaruzika kwa ukucha na ikianguka hutoa kishindo kizito tu. Alipoulizwa hakujibu. Gololi zilizotokana na mikuo hiyo zilikuwa kubwa kidogo kuliko kawaida, kwa kuwa mchanganyiko mgumu haujikunji sana unapopoa, na mdeki ulizikataa. Nimeipeleka kwa rafiki anayesubu risasi za bastola, ambaye aliipokea kwa furaha.

Usalama hauwezi kutengwa na tathmini ya tanuri la risasi, na hapa nitakuwa mkali. Hatari kubwa ya papo hapo ni maji. Tone moja la maji likinaswa chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke wenye ujazo unaozidi mara 1,600, na sufuria nzima hurukia usoni mwa mtu. Mkuo uliolala nje usiku, jasho la paji la uso, chupa ya maji ya kunywa juu ya meza: vyote ni adui. Mikuo huongezwa ikiwa imepashwa moto ukingoni mwa sufuria kwanza. Miwani ya kinga pamoja na ngao ya uso, glavu za ngozi, suruali ndefu ya pamba na viatu vilivyofunika mguu si hiari.

Hatari ya pili ni sumu, nayo watu wengi huielewa vibaya. Risasi huchemka katika nyuzi 1,749, kwa hiyo katika joto la kusubu mvuke wake ni mdogo sana, ingawa hewa nzuri bado inatakiwa. Sumu huingia zaidi kupitia vumbi: ule utando wa kijivu unaoondolewa juu ya sufuria ukikauka ni unga mwepesi, unakaa mikononi, unafika kwenye sigara na mkate, unaingia nyumbani kwa nyayo za viatu. Utando huo uwekwe kwenye kopo lenye kifuniko, meza ifutwe kwa kitambaa chenye maji siku nyingine tanuri likiwa limepoa na kuondolewa, isifagiliwe kikavu, na nguo zifuliwe peke yake. Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa kiliteremsha kiwango cha kuzingatiwa cha risasi katika damu ya mtoto hadi mikrogramu 3.5 kwa desilita mwaka 2021. Mwenye watoto wadogo wanaocheza ndani ya gereji hiyohiyo asilinunue tanuri hili mpaka apate mahali pengine. Mimi huomba kipimo cha risasi kila ninapofanyiwa uchunguzi wa damu wa kila mwaka, na daktari ameshazoea.

Je, kuna akiba? Kwa anayelipia risasi safi bei ya soko, akiba ni ndogo, na ukiongeza kipimajoto, mzani, glavu na ngao ya uso, itachukua misimu kadhaa kabla ya vifaa kujilipa. Kinachopatikana ni gololi ya kipimo unachokitaka. Mitutu ya magobore haifanani. Mmoja hupenda inchi 0.490 na kitambaa kinene, mwingine 0.495 na chembamba, na kubadilisha kalibu ni rahisi kuliko kulitafuta boksi ambalo duka halijawahi kuliagiza.

Kwa wasomaji walioko Afrika Mashariki, mambo mawili ni ya lazima. Hapa Marekani sheria ya shirikisho haimdai leseni mtu anayesubu kwa matumizi yake mwenyewe, lakini Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na chini ya sheria hizo kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, na huenda gololi za gobore nazo zikahesabiwa humo. Hata hivyo tanuri hili lina toleo la volti 220, na wavuvi wanaosubu chubwi za mishipi na nyavu kwa sufuria juu ya kuni watalikuta ni salama zaidi, kwa sababu joto lake linadhibitika na hakuna anayeinama juu ya moto.

Jambo la pili ni kwamba madini ya chubwi hizo yasitoke kwenye betri za magari. Bamba za betri zina tindikali na misombo ya risasi ambayo hugeuka vumbi na moshi wa sumu, na wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua habari hiyo kuliko mtu yeyote: kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa jirani nao kilifungwa 2014, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa madhara yaliyowapata. Mabomba ya zamani ya risasi na mabaki ya nyavu kuukuu ndivyo vyanzo vya kutafuta. Kuhusu kalibu za chubwi, zile ndogo zinapita chini ya kijitundu bila shida, lakini za chubwi kubwa za bahari kuu huenda zisienee katika nafasi ya inchi 4, na kwa hizo upawa bado utahitajika.